Kijana mwenye ugonjwa wa zinaa chumba cha dharura: mwongozo kamili wa kumtibu na kumfuatilia

Wenzangu wa zamu, naandika hili kwa sababu tunajikwaa kwenye jiwe lile lile. Kijana wa miaka 16 au 18 anaingia dharura saa 3 usiku, anasema ana UTI, anachomwa sindano, anapewa karatasi ya dawa, anaondoka. Wiki 3 baadaye yuko palepale kwenye benchi. Mvulana ana usaha ule ule. Msichana safari hii amejikunja, mkono chini ya kitovu, hawezi hata kunyoosha mguu.

Tunakimbilia kulaumu usugu wa dawa. Lakini ukikaa naye vizuri unakuta hakumaliza dozi, au mwenza wake hakutibiwa, au majibu yalitoka yeye akiwa ameshaondoka na hapakuwa na namna ya kumpata.

Nafanya kazi hapa Moshi. Mji huu una shule nyingi za bweni, una stendi inayopokea watu wa Himo, Arusha na Tanga kutwa nzima, una vijana wanaobeba mizigo soko la Mbuyuni na kulala wanne chumba kimoja Njoro. Wengi wao hawana kliniki wanayoizoea. Dharura ndiyo mlango wanaoujua, na huenda tukawaona mara moja tu. Kwa hiyo ufuatiliaji unaanza kabla kijana hajashuka kitandani, la sivyo hauanzi kabisa.

Dozi nilizoandika ni za kijana wa kilo 45 na kuendelea. Kabla hujachoma, linganisha na mwongozo wa taifa wa tiba uliopo kituoni kwako. Zikipishana, fuata huo.

Viweke mezani kabla hujamwita

- Chumba chenye mlango, au kona ambayo sauti haivuki pazia
- Vikopo 2 vya mkojo kwa kila mgonjwa, kipimo cha mimba, vipimo vya haraka vya VVU na kaswende
- Seftriaksoni, lidokeini ya asilimia 1, penisilini ya benzathini, na adrenalini iliyo karibu na mkono
- Doksisaiklini, azithromaisini na metronidazo, zimehesabiwa dozi nzima na kutiwa kwenye bahasha
- Jagi la maji na kikombe
- Kondomu na karatasi za kumwita mwenza
- Daftari la ufuatiliaji linalofungiwa kabatini, pamoja na simu ya idara

Bahasha ya dawa naisisitiza. Kijana ukimpa karatasi tu, lazima apange foleni dirishani, alipe, aitwe jina mbele ya watu, au aende duka la dawa la mtaani ambako muuzaji anasali na mama yake. Nilimwona msichana mmoja wa bweni akiikunja karatasi yake ya dawa mara 4, 5, mpaka ikawa ndogo kama kipande cha chaki, kisha akaisukuma ndani ya soksi. Karatasi ile haikufika dirishani.

Hatua ya 1: Mtenganishe na aliyemleta

Usimuulize kijana mbele ya mama yake kama angependa mama atoke. Hawezi kusema ndiyo. Zungumza na mzazi wewe mwenyewe, na iwe kama kawaida ya nyumba: "Mama, hapa kila kijana tunazungumza naye peke yake dakika 10, halafu tunakuita. Tusubiri hapo nje kidogo." Neno "kila" linamwondolea mzazi wasiwasi kwamba umeona kitu kwa mtoto wake.

Mkibaki wawili, mweleze mipaka ya siri kabla hajaanza kuzungumza: "Mdogo wangu, utakayoniambia yanabaki hapa. Nikisikia kuna mtu anakuumiza, au uhai wako uko hatarini, hapo nitaomba msaada wa wengine, na wewe utakuwa wa kwanza kujua." Usimwahidi siri isiyo na mwisho. Ukiivunja baadaye umempoteza.

Kuhusu VVU, sheria iliyorekebishwa mwaka 2019 ilishusha umri wa kupima kwa ridhaa yako mwenyewe kutoka miaka 18 hadi 15. Bado nakutana na wenzetu wanaomrudisha mwenye miaka 16 akamlete baba.

Matroni naye asubiri nje. Akimrudisha mwanafunzi shuleni anahitaji kujua mambo mawili tu: dawa inaliwa saa ngapi, na siku ya kurudi ni ipi. Jina la ugonjwa si lake.

Utajua umefaulu pale "shikamoo" ya kunong'ona itakapogeuka maswali. Akianza kukuuliza, endelea.

Hatua ya 2: Ondoa yale yasiyosubiri

Msichana mwenye maumivu chini ya kitovu apimwe mimba kwanza, hata akikuapia hajawahi kulala na mwanamume. Kipimo kikisema ndiyo na maumivu yapo, ichukulie ni mimba nje ya kizazi mpaka picha ya ultrasaundi ikuonyeshe vingine.

Mvulana mwenye korodani iliyoanza kuuma ghafla, imevimba, anatapika: huyo ni wa daktari wa upasuaji, sasa hivi. Korodani iliyojisokota inaanza kufa baada ya saa 6 hivi. Kumwekea jina la ugonjwa wa zinaa na kusubiri majibu ya mkojo kunaweza kumgharimu korodani.

Msichana akiumia unapogusa au kusogeza mlango wa kizazi, au unapobonyeza pembeni mwa kizazi, mtibu kama mwenye maambukizi ya nyonga hata kama hana homa. Usisubiri picha ya kitabuni. Kila siku inayopita mirija inaendelea kupata makovu, na makovu hayo ndiyo utasa na mimba za nje ya kizazi za miaka ijayo. Alazwe akiwa mjamzito, akitapika dawa, ukihisi jipu, au usipoweza kuitenga na kidole tumbo.

Aliyelazimishwa ana saa zinazohesabika. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na kadiri mapema kadiri bora, kisha zitumike siku 28. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinafaa hadi saa 120, lakini nguvu yake inapungua kila siku. Tiba isisubiri PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu; fomu itafuata. Mpeleke kituo cha mkono kwa mkono, kinachomhudumia aliyefanyiwa ukatili mahali pamoja, kama kipo hospitalini, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni ya bure. Na mtoto ambaye hajabalehe akikutwa na kisonono, hilo ni jambo la ulinzi wa mtoto moja kwa moja.

Hatua ya 3: Fungua neno "UTI"

Hapa kwetu UTI limekuwa neno la heshima la kusemea kila kitu cha chini. Kijana akilisema, ujue amekupa mwanya. Usilipokee tu na kuandika dawa za mkojo.

Uliza kwa lugha nyepesi, bila kukunja uso. Mara ya mwisho kufanya mapenzi ilikuwa lini? Na nani, mwenye umri gani? Ulitaka, au hukutaka? Kondomu ilikuwepo? Ilihusu mdomo au nyuma pia? Swali hili la mwisho linatutia haya, lakini mkojo hauonyeshi kisonono kilichoko kooni.

Swali la umri wa mwenza lina uzito wa kisheria. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, msichana aliye chini ya miaka 18 ridhaa yake haimwokoi mwanamume. Binti wa miaka 15 mwenye "mpenzi" wa miaka 34 anahitaji ustawi wa jamii usiku huohuo, siyo sindano peke yake.

Kisha muulize ameshameza nini. Wengi wamepitia duka la dawa na kumeza siprofloksasini siku 2. Dawa hiyo si ya kutegemea tena kwa kisonono. Inapunguza usaha kidogo, kijana anaamini amepona, na anaendelea kuambukiza.

Hatua ya 4: Chukua kipimo sahihi

Tumefundishwa kumwambia mgonjwa: "Anza kukojoa, mwaga kidogo, kinga wa katikati." Kwa UTI ni sawa kabisa. Kwa klamidia na kisonono ni kinyume chake. Vijidudu vimejificha kwenye mrija wa mkojo, na mkojo wa kwanza ndio unaovisukuma nje. Ukimwambia amwage wa kwanza, umemwambia amwage ugonjwa chooni.

Ndiyo maana ya vikopo 2. Kikopo cha 1 kipokee mililita 20 hadi 30 za mwanzo. Cha 2 kipokee wa katikati, kama kweli unashuku UTI. Awe hajakojoa kwa saa 1 angalau, na asijifute kabla. Msichana anaweza kujichukulia mwenyewe sampuli ya ukeni kwa pamba ya maabara. Inagundua vizuri kuliko mkojo wake, na humwepusha na uchunguzi unaomtisha.

Uliza maabara kabla hujatuma. Mashine ya jinexpati inayopima TB inaweza kupima klamidia na kisonono ikiwa na katriji yake. Isipokuwepo, tibu kwa dalili, kama tulivyozoea, ila uelewe nguvu na udhaifu wa njia hiyo. Usaha wa mvulana ni ushahidi mzito. Uchafu wa ukeni ni ushahidi mwepesi: mara nyingi ni fangasi au bakteria wa kawaida waliozidi, na klamidia kwa wasichana wengi haina dalili yoyote. Usimwambie binti "umeambukizwa" kwa uchafu peke yake. Neno hilo linaweza kumvunjia nyumba, na huenda si kweli.

Kipimo cha haraka cha kaswende hubaki chanya hata kwa aliyetibiwa akapona. Muulize kama aliwahi kuchomwa sindano ya kaswende, halafu omba kipimo cha damu cha RPR kinachotoa kiwango.

Hatua ya 5: Mtibu hapohapo, mbele ya macho yako

Kwa mtu mzima mwenye kliniki yake unaweza kusubiri majibu. Kwa kijana wa dharura, dalili zikielekeza kwenye zinaa, usisubiri.

*Kisonono:* seftriaksoni sindano 1 ya msuli. Kiwango kimekuwa kikipanda kwa sababu kidudu kinajifunza: Marekani walitoka miligramu 250 wakafika 500 mwezi Desemba 2020, na Shirika la Afya Duniani sasa linasema gramu 1. Gramu 1 changanya na mililita 3.5 za lidokeini ya asilimia 1, ichome ndani sana kwenye tako, na uvute bomba kwanza kuangalia damu. Mchanganyiko wenye lidokeini hauingii kwenye mshipa kamwe.

*Klamidia, unayoitibu pamoja na kisonono kama hujaithibitisha kuwa haipo:* doksisaiklini miligramu 100 asubuhi na jioni, siku 7. Akiwa mjamzito, azithromaisini gramu 1 mara moja.

*Trikomona kwa msichana:* metronidazo miligramu 400 au 500 mara 2 kwa siku, siku 7.

*Maambukizi ya nyonga kwa asiyelazwa:* seftriaksoni sindano 1, doksisaiklini na metronidazo siku 14 zote.

*Kaswende changa:* penisilini ya benzathini yuniti milioni 2.4, nusu kila tako. Ikiingia mshipani inaua, kwa hiyo chukua muda wako. Uliza mzio, mkalishe dakika 30 ukimwona. Mwambie anaweza kupata homa na kutetemeka ndani ya saa 24. Asiposikia hilo kwako atadhani umemtia sumu.

Kidonge cha kwanza akimeze hapo. Doksisaiklini inataka kikombe kizima cha maji na kukaa wima nusu saa, maana ikinata kooni inachoma. Watoto wa bweni humeza kwa mate, taa zikishazimwa, halafu wanalala. Ndipo kifua kinapowaka na dozi inapoishia siku ya 2. Asimeze na maziwa wala mtindi, wala pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Asimeze tumbo likiwa tupu. Uji wa asubuhi usio na maziwa unafaa sana. Na jua la mchana litamuunguza upesi kuliko kawaida.

Ukimuuliza "umeelewa?" atasema ndiyo. Mwambie akueleze yeye: utameza lini, na nini, utakaa vipi? Akikueleza bila kukosea, songa mbele.

Hatua ya 6: Mwenza

Hapa ndipo dozi nzuri inapoharibika. Hesabu wenza wa siku 60 zilizopita. Kama hakuna, yule wa mwisho. Mpe karatasi ya kumwitia, isiyotaja ugonjwa, na mfanye mazoezi ya maneno. "Nimepimwa, nimetibiwa, na wewe unatakiwa upimwe" inatosha. Asiseme "umeniambukiza". Ugomvi wa nani kaanza hautibu mtu.

Msichana akisema atapigwa, mwamini. Usimlazimishe kubeba karatasi. Akikubali, kituo kimpigie mwenza bila kumtaja yeye.

Wasikutane kimwili siku 7 tangu wote wawili watibiwe, na siku hizo zihesabiwe kutoka kwa aliyechelewa kutibiwa. Andika tarehe kwenye bahasha ya dawa, kwa sababu "wiki moja" ya kijana huwa siku 4.

Hatua ya 7: Njia ya kumpata tena

Mwaka wangu wa 2 kazini, kwenye kituo nisichokitaja, majibu ya binti mmoja yalitoka siku 2 baada ya kuondoka. Kisonono. Alikuwa amepewa dawa za mkojo tu. Nikachukua faili, nikapiga namba iliyoandikwa. Akapokea mwanamume. Nikasema napiga kutoka hospitali, majibu ya vipimo vya binti yametoka. Akanyamaza. Kisha akauliza, taratibu sana: "Vipimo vya nini?" Nikakata. Jioni nikapiga tena, simu imezimwa. Yule binti sikumwona tena, wala sijui alitibiwa wapi. Namba ile ilikuwa ya baba yake mdogo, ndiye aliyelipia kadi.

Tangu hapo namba ya kwenye faili siitumii kwa jambo hili. Nafanya hivi.

Kwanza, namuuliza kijana: simu ni yako peke yako? Nani mwingine anaishika? Saa ngapi uko nayo mbali na watu? Mwanafunzi wa bweni hana simu, kwa hiyo tunatafuta mtu wake: dada mkubwa, rafiki wa kutwa, mwalimu wa malezi anayemwamini. Amtaje mwenyewe. Wewe usimchagulie.

Pili, piga palepale. Simu iite mfukoni mwake. Tarakimu 1 iliyokosewa kwenye namba imetupotezea wengi kuliko aibu.

Tatu, mkubaliane maneno ambayo yeyote akiyasikia hayana maana kwake. Mmoja alichagua "sare yako imeshashonwa." Nilipompigia, shangazi yake akapokea, nikasema hivyohivyo: naomba umwambie sare yake imeshashonwa, apite. Kesho yake saa 8 mchana alikuwa mlangoni. Maneno ayachague kijana, kwa sababu yeye ndiye anayejua nyumbani kwao ni jambo gani halishangazi.

Nne, ajue jina la mtu wa kumuulizia akirudi. Kijana aliyeambiwa "rudi dharura" atakutana na foleni na sura mpya, atageuza. Aliyeambiwa "ulizia dada fulani, dirisha la 3, useme umeleta barua" atafika.

Tano, nauli. Uliza bila kuona haya. Kama hana ya kurudi kutoka Himo, mpangie kituo cha afya cha karibu naye, na wapigie hao wa kituo yeye akiwa anasikia.

Hatua ya 8: Tarehe, na sababu zake

*Ndani ya saa 72:* mwenye maambukizi ya nyonga aonekane kwa macho, siyo kwa simu. Asipokuwa na nafuu, alazwe na utambuzi uangaliwe upya. Wengine wapigiwe simu: dawa zinakaa tumboni? Mwenza amefika?

*Siku ya 7:* dozi imeisha? Usaha ukiwa bado upo na mwenza alitibiwa, hapo ndipo ufikirie usugu. Omba sampuli ioteshwe maabara. Aliyekuwa na kisonono cha koo apimwe tena kati ya siku ya 7 na ya 14.

*Wiki ya 4:* mjamzito aliyetibiwa klamidia apimwe kuthibitisha amepona. Kabla ya hapo kipimo kinaweza kuokota mabaki ya vijidudu vilivyokufa na kukudanganya.

*Mwezi wa 3:* kila aliyekuwa na klamidia, kisonono au trikomona apimwe upya, kwa kuwa vijana huambukizwa tena kwa wingi. Rudia VVU siku hiyohiyo; akiwa chanya, msindikize mwenyewe hadi CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU. Kwa wa bweni hesabu likizo, Juni na Desemba, umpangie tarehe iliyo karibu.

*Mwezi wa 6 na wa 12:* aliyekuwa na kaswende arudie RPR. Kiwango kinatakiwa kishuke mara 4, mfano kutoka 1:32 hadi 1:8.

Daftari liwe na mtu 1 anayetajwa kwenye kila zamu. Likiwa la wote, halipigiwi simu na yeyote. Lina safu 6: namba ya faili bila jina, namba ya simu, saa nzuri ya kupiga, maneno mliyokubaliana, tarehe, kilichotokea. Piga mara 3 kwa siku na saa tofauti kabla ya kukata tamaa. Ukikabidhi zamu, lisomwe kwa sauti ya chini pamoja na wagonjwa waliolala.

Akirudi mwezi wa 3 na majibu ni safi, mpe kondomu, muulize kama ameshapata chanjo ya homa ya ini aina ya B, kisha fungua daftari yeye akiwa anaona na uipige mstari mnene namba yake ya simu mpaka isisomeke.